Maikro ya mwaka wa kwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanafunzi wa Lamu

Majibu haya ni ya mwanafunzi wa Lamu anayeanza somo la maikroekonomia chuoni, awe amepangiwa Kilifi, Mombasa au Nairobi. Bei na kiasi vilivyotumika kwenye mifano ni vya kubuni ili hesabu zitoke vizuri. Usiende nazo dikoni, samaki wanakoteremshwa, ukadai uuziwe kwa bei hizo.

Maikro ni nini, na makro ni nini?

Maikro huangalia maamuzi ya mtu mmoja, kaya moja, biashara moja, na soko la bidhaa moja: kwa nini kilo ya samaki aina ya changu ina bei hii leo, na nani atapunguza kununua ikipanda. Makro huangalia nchi nzima: mfumko wa bei, ajira, pato la taifa, riba ya Benki Kuu. Vyuo vingi hutanguliza maikro muhula wa kwanza, makro ikafuata.

Sikusoma uchumi sekondari. Nitaachwa nyuma?

Karibu darasa zima liko kama wewe, kwa sababu uchumi haumo katika masomo ya KCSE. Aliyesoma Biashara amekutana na mahitaji na ugavi, jambo linalomsaidia wiki mbili za kwanza. Baada ya hapo humdhuru kidogo, maana huja akidhani somo ni kukariri "sababu saba za kubadilika kwa mahitaji". Chuoni utaulizwa sababu moja tu, kisha utakiwe kuonyesha kwa mchoro na kwa hesabu inafanya nini.

Hesabu inayohitajika ni ya kiwango gani?

Uweze kutatua milinganyo miwili yenye herufi mbili, kusoma mwinamo wa mstari, na kukokotoa asilimia bila kuchanganya kilichobadilika na kilichokuwepo mwanzo. Baadhi ya wahadhiri huongeza kalkulasi kidogo: ukipewa gharama yote, utafute gharama ya kipande kimoja zaidi. Kalkulasi hiyo hujifunzika kwa wiki moja. Wanaokwama wengi hukwama kwenye asilimia.

Kwa nini bei imewekwa kwenye mhimili wa wima? Hesabu za sekondari zilitufundisha kinyume.

Ni kweli, kinyume chake. Alfred Marshall, mwanauchumi wa Cambridge, aliichora hivyo mwaka 1890 na wote wakamfuata. Hasara utakayopata ni hii: mlinganyo wa mahitaji huandikwa Q = 800 − P (Q ni kiasi, P ni bei), lakini mchoro una P wima. Ukitaka mwinamo wa mstari uliouchora, geuza kwanza uwe P = 800 − Q. Hapa mwinamo ni −1 pande zote mbili, kwa hiyo kosa halionekani. Ungekuwa Q = 800 − 2P, mwinamo kwenye mchoro ni −½, wala si −2. Wengi huandika −2.

Kila mara nachanganya mstari kuhama na kutembea juu ya mstari. Nitofautishe vipi?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote hapa, na asiyelielewa hubahatisha hadi wiki ya mwisho. Jiulize jambo moja tu: kilichobadilika kwanza ni bei ya bidhaa yenyewe, au ni kitu kingine? Ikiwa ni bei yenyewe, mstari unabaki pale pale na wewe unatembea juu yake. Ikiwa ni kitu kingine (kipato, bei ya bidhaa mbadala, idadi ya wanunuzi, hali ya hewa, bei ya mafuta ya boti), mstari wenyewe unahama.

Chukua samaki. Wakati wa kaskazi bahari imetulia, na kwa siku moja wanunuzi wanahitaji kilo Q = 800 − P, wavuvi wanaleta kilo Q = −100 + 2P. Sawazisha: 800 − P = −100 + 2P, basi 3P = 900, bei ni shilingi 300 na kiasi ni kilo 500.

Kusi ikaze, mwezi wa sita au wa saba, bahari ichafuke. Mitumbwi midogo haitoki. Kwa bei ile ile samaki wanaofika ni wachache, kwa hiyo mstari wa ugavi unahamia kushoto: Q = −400 + 2P. Sawazisha tena: bei ni 400, kiasi ni kilo 400.

Sasa angalia sentensi ambayo hujaa kwenye karatasi za mtihani: "Kusi ilipandisha bei, kwa hiyo mahitaji yakapungua." Ni kosa. Mahitaji hayakupungua, mstari wa wanunuzi ni ule ule 800 − P. Kilichopungua ni *kiasi kinachohitajika*, kutoka kilo 500 hadi 400, kwa kuwa wanunuzi wamepanda juu ya mstari wao. Ukisema mahitaji yamepungua, umesema mstari umehamia kushoto, na mstari huo ukihamia kushoto bei ingeshuka. Msahihishaji ataona umejipinga ndani ya sentensi moja.

Na vitu viwili vikibadilika kwa pamoja?

Hama mstari mmoja, tafuta jibu, kisha hama wa pili. Maulidi ya Lamu hufuata mwezi mwandamo, Mfungo Sita, basi miaka mingine huangukia kaskazi na miaka mingine kusi. Yakiangukia kusi, ugavi uko kushoto na wageni wamesukuma mahitaji kulia. Bei lazima ipande, maana mambo yote mawili yanaipandisha. Kiasi hakijulikani mpaka upewe namba. Wageni wakiongeza kilo 60 (Q = 860 − P), bei ni 420 na kiasi ni 440, chini ya zile 500 za kaskazi. Wakiongeza kilo 300 (Q = 1,100 − P), bei ni 500 na kiasi ni 600, juu yake. Swali lisipokuwa na namba, jibu sahihi ni: "bei itapanda, kiasi hakiwezi kuamuliwa". Usiogope kuandika hivyo, alama zipo hapo hapo.

Unyumbufu unakokotolewa vipi, na kwa nini jibu langu ni tofauti na la mwenzangu?

Unyumbufu wa mahitaji ni badiliko la kiasi kwa asilimia, ligawanywe kwa badiliko la bei kwa asilimia. Ukitoka 300 kwenda 400, bei imepanda 33.3% na kiasi kimeshuka 20% (kutoka 500 hadi 400), unapata −0.6. Mwenzako akianza 400 kurudi 300, bei imeshuka 25% na kiasi kimepanda 25%, anapata −1. Kila mmoja amekokotoa sawasawa, tatizo ni sehemu ya kuanzia.

Ndiyo sababu hutumika njia ya katikati. Gawa kwa wastani wa mwanzo na mwisho: kiasi −100 ÷ 450 = −22.2%, bei 100 ÷ 350 = 28.6%, jibu ni −0.78 uanzie popote. Swali likitaja bei mbili na lisiseme njia, tumia hii na uandike kwamba umeitumia.

Thamani iliyo chini ya 1, ukiacha alama ya kutoa, maana yake wanunuzi hawanyumbuki sana. Hakiki kwa mauzo: 300 × 500 = 150,000, na 400 × 400 = 160,000. Bei imepanda na fedha zilizopita dikoni zimeongezeka. Unyumbufu ungekuwa juu ya 1, fedha zingepungua. Hakiki hii inachukua sekunde kumi na hukamata makosa mengi.

Jingine linalowaponyoka watu: mstari ulionyooka una mwinamo mmoja lakini unyumbufu wake hubadilika kila mahali. Kwenye mstari wetu, bei ikiwa 300 unyumbufu ni −1 × 300/500 = −0.6, ikiwa 400 ni −1. Anayeandika "mstari umelala, kwa hiyo unanyumbuka" amechanganya mwinamo na unyumbufu.

Unyumbufu wa kipato na ule wa bidhaa mbili ni hesabu ile ile, unabadilisha tu kilicho chini. Hapo alama ya jumlisha au kutoa ndiyo jibu: mkaa na gesi hutoa jumlisha kwa kuwa kimoja huchukua nafasi ya kingine, boti na petroli hutoa kutoa kwa kuwa huenda pamoja.

Serikali ikiweka kikomo cha bei, nini hutokea?

Kwanza tazama kikomo kiko wapi. Kikiwa juu ya bei ya msawazo, yaani pale mahitaji na ugavi vinapokutana, hakifanyi chochote. Kikiwa chini, upungufu unatokea. Wakati wa kusi, kikomo cha shilingi 300 kingefanya wanunuzi watake kilo 500 na wavuvi walete kilo 200 (−400 + 600). Upungufu ni 300. Wanafunzi wengi hutaja 100 kwa kulinganisha na kilo 400 za msawazo. Upungufu hupimwa kati ya mistari miwili kwa bei iliyowekwa.

Mfano wa Kenya unaofaa mtihani ni riba za benki. Tangu Septemba 2016 sheria iliweka kikomo cha riba ya mikopo kuwa asilimia 4 juu ya kiwango cha msingi cha Benki Kuu, na kikaondolewa Novemba 2019. Benki zilipunguza kukopesha wafanyabiashara wadogo walioonekana wa hatari, zikapendelea hati za serikali. Riba kwenye karatasi ilishuka, mkopo wenyewe ukawa adimu. Mfano mwingine ni mafuta: EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, hutangaza bei ya juu kabisa tarehe 14 ya kila mwezi, na bei hutofautiana mji kwa mji kwa sababu ya usafirishaji. Ukiutumia, eleza kama kikomo hicho kinabana au hakibani, usichore tu upungufu kwa mazoea.

Kodi ikiwekwa kwa muuzaji, si muuzaji ndiye anayelipa?

Anayepeleka fedha serikalini ni mmoja, anayeumia ni wawili. Rudi kaskazi, weka kodi ya shilingi 30 kwa kilo. Muuzaji sasa anaangalia bei anayobaki nayo, P − 30, kwa hiyo ugavi ni Q = −100 + 2(P − 30). Sawazisha na 800 − P: bei ya mnunuzi ni 320, muuzaji anabaki na 290, kilo ni 480. Mnunuzi amebeba 20, muuzaji 10. Mapato ya serikali ni 30 × 480 = 14,400, si 30 × 500. Kuna pia hasara isiyomnufaisha yeyote, ile pembetatu ya mchoro juu ya kilo 20 zisizouzwa tena: ½ × 30 × 20 = 300.

Mzigo humwangukia zaidi asiyeweza kukwepa. VAT ya mafuta ilipopanda kutoka 8% hadi 16% Julai 2023, mwenye boti ya kutoka Mokowe hakuwa na njia nyingine ya kuendesha injini yake.

Gharama mbadala ya kusoma chuo ni ipi?

Ni thamani ya chaguo bora uliloliacha, pamoja na kile unachotoa kwa sababu ya chaguo hili pekee. Tuseme karo ni 60,000 kwa mwaka, chumba Kilifi ni 36,000, chakula ni 48,000. Wengi hujumlisha hapo, 144,000, wakafunga. Lakini nyumbani pia ungekula, tuseme kwa 40,000, kwa hiyo kinachohesabiwa ni 8,000 tu. Chumba kinaingia chote ikiwa nyumbani hulipi kodi. Kisha kuna kazi uliyoiacha: 15,000 kwa mwezi, miezi tisa, ni 135,000. Jumla: 60,000 + 36,000 + 8,000 + 135,000 = 239,000. Ada ya maombi uliyokwisha kulipa haimo, kwa kuwa hairudi uende au usiende.

Faida linganishi inanishinda. Anayeweza kila kitu kuliko mwenzake afanye biashara naye ya nini?

Kwa sababu wakati wake ni mmoja. Tuseme kwa mwezi mtu wa Kipungani anaweza kusuka mikeka 4 *au* kuvua kilo 20, na mtu wa Kizingitini mikeka 5 *au* kilo 60. Wa Kizingitini ni hodari kwa vyote viwili. Lakini mkeka mmoja unamgharimu kilo 12 za samaki asizovua, wa Kipungani unamgharimu kilo 5. Mkeka ukibadilishwa kwa kilo 8, wa Kipungani anapata 8 badala ya 5, na wa Kizingitini anatoa 8 badala ya 12. Bei yoyote kati ya 5 na 12 inawafaa wote.

Kosa la kawaida ni kugawanya kinyume. Andika sentensi nzima kabla ya namba: "mkeka mmoja unagharimu kilo ngapi?" Kinachoulizwa bei yake kinakaa chini.

Majedwali ya gharama yana safu nyingi mno. Nianzie wapi?

Anza na safu mbili tu, nyingine zote huzaliwa hapo. Hili ni jiko la mahamri lenye gharama isiyobadilika ya shilingi 600 kwa siku (pango na mlinzi):

| Sinia | Inayobadilika | Jumla | Ya sinia moja zaidi | Wastani wa inayobadilika | Wastani wa jumla |
|---|---|---|---|---|---|
| 1 | 300 | 900 | 300 | 300 | 900 |
| 2 | 500 | 1,100 | 200 | 250 | 550 |
| 3 | 750 | 1,350 | 250 | 250 | 450 |
| 4 | 1,100 | 1,700 | 350 | 275 | 425 |
| 5 | 1,600 | 2,200 | 500 | 320 | 440 |
| 6 | 2,300 | 2,900 | 700 | 383 | 483 |

Safu ya nne ndiyo roho ya sura nzima. Hupanda baada ya sinia ya pili kwa sababu jiko ni moja: mkaangaji wa tatu anamsubiri wa pili aondoe karai. Kila inapokuwa chini ya wastani inauvuta wastani chini, ikiwa juu inaupandisha. Ndiyo maana wastani wa jumla unageuka kati ya sinia ya 4 na ya 5.

Sinia ikiuzwa 520, endelea kupika maadamu inayofuata inagharimu chini ya hapo: ya tano 500, ndiyo, ya sita 700, hapana. Faida ni 2,600 − 2,200 = 400. Bei ikishuka hadi 400, unapika nne na kupata hasara ya 100 (1,600 − 1,700). Ufunge? Hapana: ukifunga bado unadaiwa 600. Ikishuka hadi 240, chini ya wastani mdogo kabisa wa gharama inayobadilika, yaani 250, hata ukipika sinia mbili hasara ni 620. Hapo funga. Wanaojibu "akipata hasara afunge" hukosa alama zote za sehemu hii. Ushauri huo ni wa muda mrefu, mkataba wa pango ukiisha.

Kwa nini pato la ziada la mkiritimba (muuzaji pekee sokoni) lina mwinamo mara mbili ya ule wa mahitaji?

Kwa sababu akitaka kuuza kimoja zaidi hushusha bei ya vyote, si ya hicho kimoja. Mahitaji yakiwa P = 800 − Q, pato la ziada ni 800 − 2Q. Gharama ya ziada ikiwa 200 daima, Q ni 300. Sasa rudi *juu* kwenye mstari wa mahitaji usome bei: 500. Wanaosoma bei pale mistari miwili ilipokutana huandika 200, na hiyo ni bei ya ushindani kamili, ambapo zingeuzwa 600.

Mistari ya ridhaa sawa ni ya lazima?

Hii ni mistari inayounganisha michanganyiko ya bidhaa inayomridhisha mnunuzi sawasawa. Iko kwenye silabasi nyingi, na kwa maoni yetu inapewa wiki nyingi kuliko inavyostahili mwaka wa kwanza. Jua kuchora mstari wa bajeti, jua kwamba bei ya kitu kimoja ikibadilika mstari unazunguka na kipato kikibadilika unahama sambamba, kisha jua kutenganisha athari ya kubadilisha na athari ya kipato. Inatosha.

Naweza kutumia mifano ya Lamu kwenye mtihani?

Ndiyo, na mara nyingi humsaidia msahihishaji kuona umeelewa. Kinyesi cha punda vichochoroni ni mfano mzuri wa gharama inayomwangukia asiyekuwa kwenye biashara: mwenye mchanga na mwenye punda wamepatana, mpita njia ndiye anayeruka. Samaki wa bahari ni rasilimali ya pamoja: nikimvua mimi wewe humpati, na kumzuia mtu asivue ni vigumu. Hapo taja BMU, vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, kisha utafiti wa Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobeli ya uchumi, 2009, aliyeonyesha kwamba watumiaji wenyewe wanaweza kujiwekea kanuni na zikashika. Andika mfano kwa mstari mmoja au miwili, kisha mchoro. Hadithi ndefu haina alama.

Mtihani hupangwa vipi?

Katika vyuo vingi vya Kenya, majaribio ya katikati ya muhula ("kati") na kazi za nyumbani huchukua alama 30, mtihani wa mwisho 70, saa mbili. Mpangilio wa kawaida: swali la kwanza ni la lazima, alama 30, kisha unachagua mawili ya alama 20 kila moja. Tumia dakika 50 kwa la kwanza, 30 kwa kila moja la mengine, ubakiwe na 10 za kukagua michoro. Chagua yenye hesabu ikiwa umefanya mazoezi: hesabu sahihi hupata alama zote, maelezo mazuri hupata 14 kati ya 20.

Mchoro ujaze nusu ukurasa. Weka P na Q kwenye mihimili, jina kwa kila mstari, mshale wa kuhama, na bei na kiasi cha kabla na baada kwa vistari vya nukta hadi kwenye mihimili. Mstari usio na jina hausahihishwi. Beba rula na kikokotoo cha kawaida, cha simu hakiruhusiwi.

Nimekosa jaribio la kati au nimefeli. Nifanye nini?

Aliyekosa kwa ugonjwa apeleke barua ya daktari idarani mapema, kabla alama hazijafungwa. Anayefanya mtihani wa nyongeza ajue kwamba katika vyuo vingi alama yake haipandi zaidi ya 40 hata akijibu yote. Muda wa kujiandaa ukiwa mfupi, fuata mpangilio huu: kuhama kwa mistari, unyumbufu, jedwali la gharama, kodi na vikomo vya bei, mkiritimba. Fanya kila aina ya hesabu mara tatu kwa namba ulizobadilisha mwenyewe, daftari la majibu likiwa limefungwa.